Udi Ulionaswa Kwenye Filta ya Gari

Gari langu sijawahi kulipeleka kwa fundi wa viyoyozi, na sitarajii kulipeleka. Nina diploma ya majokofu na viyoyozi niliyoisomea Mombasa huku nikibeba mizigo sokoni ili nipate karo. Nimefanya kazi miaka tisa katika mahoteli ya Ghuba, nikipanda kwenye mapaa ambako jua linaweza kumwangusha mtu mzima, na wageni wa ghorofa arobaini wakalala kwa raha kwa sababu ya mikono hii. Nyumba ninayokaa Malindi niliijenga mwenyewe. Duka ninalotengenezea majokofu ni langu. Gari nililiagiza kutoka Japani kwa jasho langu, na hakuna mjomba wala mheshimiwa aliyenishika mkono. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue ni mtu wa namna gani aliyefanya kosa ninalotaka kulieleza.

Mama yangu anakaa Jilore, kwenye shamba alikotulelea. Ana pumu, na adui yake mkubwa ni vumbi. Dada yake mkubwa, ambaye sisi tunamwita mama mkubwa, aliolewa Adu na siku hizi hatoki huko kwa sababu miguu haimbebi tena. Mara ya mwisho kuonana ilikuwa kwenye mazishi ya kaka yao, nami wakati huo nilikuwa ng'ambo. Tangu hapo wanaongea kwa simu kila Jumapili baada ya kanisa, na kila mara wanamaliza kwa maneno yaleyale: tukijaliwa tutaonana. Barabara ya kwenda Adu ukishaiacha lami ni vumbi jekundu, na Mama alijaribu mara moja kwa pikipiki akarudi akipumua kama mtu anayezama.

Basi siku moja tukivuna mahindi nyumbani, mbele ya ndugu zangu wote, nikatangaza kwamba nitampeleka. Nikasema madirisha yatafungwa, kiyoyozi kitawaka, na hakuna chembe ya vumbi itakayomgusa hadi mlangoni kwa dada yake.

"Ndani ya gari langu," nikasema, "ni kama Ulaya."

Kaka yangu mkubwa, ambaye hajawahi kukaa nje ya Jilore zaidi ya wiki mbili, akaendelea kumenya mahindi yake. "Ulaya ulifika lini wewe? Si ulikuwa kwa Waarabu?"

Wakacheka. Mama hakucheka. Aliniuliza ni Jumamosi ipi.

Jumamosi hiyo alivaa nguo yake ya kanisani na kubeba kikapu cha mihogo na nazi za kumpelekea dada yake. Nikamfungulia mlango wa mbele, nikapandisha vioo, nikawasha kiyoyozi. Hatujafika Malindi akaanza kukohoa. Nilidhani ni hewa ya baridi, nikaipunguza. Tulipovuka daraja la Sabaki alikuwa amejifunika leso puani. Akavuta dawa yake ya kupuliza, akatulia kidogo, kisha kikohozi kikarudi kwa nguvu zaidi. Nikafungua dirisha, akapata nafuu, lakini sote wawili tulijua kwamba huko mbele dirisha haliwezi kukaa wazi.

Tulipofika Gongoni akaniambia nisimame.

"Geuza gari, mwanangu."

"Mama, tumebakisha kidogo. Ni uzee tu huo, kifua kimechoka. Vumilia."

"Gari lako ni zuri," akasema. "Kifua changu ndicho kibaya. Geuza."

Nikageuza. Huko Adu, mama mkubwa alikuwa ameshachinja kuku wawili. Tulipompigia simu kumweleza, akasema si neno, kuku wataliwa na wajukuu. Mama alimpa jirani mihogo ile. Jioni kaka yangu akanipigia simu kuniuliza kama Ulaya kulikuwa na foleni.

Wiki iliyofuata nililichunguza gari kama ninavyochunguza kiyoyozi cha mteja. Nikapima gesi, iko sawa. Kompresa inafanya kazi, mikanda mizima, hakuna bomba linalovuja. Baridi ilikuwa ya kumfanya mtu aombe shuka. Kwa hiyo nikakata shauri kwamba kosa ni la Mama, na nikamwambia mke wangu hivyo.

Mke wangu amezaliwa mji wa kale wa Malindi, na kwao maneno hayamwagwi ovyo. Alikuwa anapepeta mchele. "Wawatengenezea watu viyoyozi mji mzima," akasema. "Hicho cha gari lako umekifungua lini?"

"Nimeshakipima chote."

"Sikukuuliza kupima. Nimekuuliza kufungua."

Kitu cha kwanza mwalimu wetu alichotufundisha Mombasa ni kuanza na filta. Nami mwenyewe nimewafokea wasaidizi wangu kule Ghuba kwa kuikimbilia gesi kabla ya kutazama filta. Gari lina filta ya hewa ya ndani, naijua, nimewaeleza wateja habari zake. Ya kwangu sikuwahi kuitoa tangu gari liliposhuka melini.

Nikatoka na bisibisi, kumbe hata haikuhitajika. Filta ya gari langu iko nyuma ya kile kisanduku cha dashibodi mbele ya abiria, mahali tunapoweka karatasi za bima. Nikakimwaga kisanduku, nikakibana pande zote mbili hadi kikaning'inia, na nyuma yake nikaona kifuniko chembamba cha plastiki. Vishikizo viwili, kimoja kila upande. Nikavibonyeza, nikavuta.

Iliyotoka ilikuwa nyeusi kama sufuria ya kuni. Kwenye mikunjo yake mlikuwa na majani ya mwarobaini, sindano za mvinje, mchanga, na manyoya ya ndege ambaye sitaki kujua alifia wapi. Ubavuni mlikuwa na maandishi ya Kijapani. Filta ile ilikuwa imefungwa Japani, ikavuka bahari, ikafanya kazi Malindi miaka mitatu bila kusalimiwa na mtu. Lakini si uchafu ulionishangaza. Ni harufu. Niliisogeza puani na harufu ikanipiga: udi.

Hapo inabidi nieleze desturi yangu. Kule Ghuba nilijifunza kupenda udi, na niliporudi nikaoa katika watu wanaoupenda pia. Kila Ijumaa asubuhi nilikuwa nachukua chetezo chenye makaa, natia udi mzuri, si ule wa kuokota, nakiweka ndani ya gari chini ya kiti, nafunga milango, nawasha kiyoyozi kwenye kile kitufe cha kuzungusha hewa ileile ya ndani, na kuuacha moshi uzunguke robo saa nzima. Gari langu lilijulikana kwa harufu. Watu niliowapa lifti walishuka wakinukia hadi kwao, na walinisifu, nami nikazidisha. Sikuwahi kujiuliza moshi ule unaishia wapi. Uliishia kwenye filta, Ijumaa baada ya Ijumaa, na kila nilipowasha kiyoyozi nilikuwa nampulizia mama yangu moshi wa miaka mitatu usoni. Kisha nikamwambia ni uzee.

Mke wangu alikuja mlangoni na ungo wake. Aliitazama filta, akanitazama mimi, akarudi ndani. Nilimshukuru kwa hilo.

Kosa la pili nililifanya hapohapo, na hili ni la mafundi wa viyoyozi vya ukutani peke yao. Filta za ukutani tunaziosha. Umeosha, umeanika, umerudisha. Nikaitia ile ya gari kwenye karai la maji ya sabuni, nikaisugua kwa brashi laini kwa ustadi wote wa mahoteli makubwa. Ni ya karatasi. Nilipoinyanyua nusu yake ilibaki karaini kama uji.

Dukani kwa vipuri, mama muuzaji aliniuliza mwaka wa gari, akainama chini ya kaunta na kutoka na boksi jembamba. "Nikuitie kijana akufungie?"

"Mimi nina diploma ya mambo haya," nikamwambia.

"Basi utazame mshale," akasema, na kurudia chai yake.

Nilifika nyumbani nikiwa nimeudhika, nikautazama mshale. Unaonyesha hewa inaelekea wapi, na kwenye gari langu unatakiwa uelekee chini. Nilikuwa nimeishika filta juu chini. Nikaigeuza. Ikaingia kwa urahisi, nikarudisha kifuniko hadi vishikizo vikalia, nikapandisha kisanduku. Kabla ya kuifunga nilikuwa nimefuta nafasi yake kwa kitambaa kibichi, nikafuta na viti na zulia, na nikaliacha gari milango wazi juani siku mbili. Chetezo nikakirudisha sebuleni.

Kumweleza Mama kulikuwa kugumu kuliko kazi yenyewe. Nilikwenda Jilore, nikaketi jikoni kwake, nikamwambia kwamba kifua chake hakikuwa na kosa. Nikamweleza udi, moshi, filta.

"Kwa hiyo si mimi," akasema.

"Si wewe, Mama. Ni mimi."

Alikoroga mchuzi wake. "Hiyo filta iko wapi?"

"Iliyobaki ni nusu. Niliiosha."

"Niletee hiyo nusu."

Safari ya pili tulitoka asubuhi. Kikapu kilikuwa na mihogo na nazi kama mwanzo, na juu yake mfuko wa plastiki uliofungwa fundo. Nikawasha kiyoyozi. Sikuzungumza, nilikuwa nasikiliza kifua chake kama ninavyosikiliza kompresa. Tukapita Malindi. Tukavuka Sabaki. Tulipofika Mambrui akaniuliza mbona nimenuna. Gongoni, mahali tulipogeukia, alitazama mashamba ya chumvi nje na kusema chumvi imepangwa vizuri mwaka huu. Tulipoiacha lami, lori lilikuwa mbele yetu na vumbi likafunika kioo chote. Nikamtazama. Alikuwa amesinzia, leso mapajani.

Mama mkubwa alikuwa ameketi barazani kwake tangu asubuhi. Nikamwamkia, "Shikamoo mama mkubwa," akaniitikia bila kunitazama, kwani alikuwa ameshaushika mkono wa mdogo wake. Hawakuachana mikono. Nikashusha kikapu na kuanza kueleza jinsi kiyoyozi cha gari langu kinavyofanya kazi, maana nilihisi pana haja.

Mama akafungua fundo la mfuko wa plastiki, akakitoa kile kipande cheusi cha filta na kumwekea dada yake mapajani.

"Hiki ndicho kilichonirudisha siku ile. Nusa."

Mama mkubwa akanusa. "Mbona kinanukia arusi?"

Wakacheka mpaka mama mkubwa akajifuta macho, nami nikacheka nao. Mama alikohoa kidogo kwa kicheko, na kikohozi kikaishia hapo. Kisha mama mkubwa akaniuliza kama ndani ya gari hilo mtu asiyeweza kukunja miguu anaweza kuketi, maana kuna shamba Jilore, alikozaliwa, ambalo hajaliona siku nyingi. Nikamwambia kiti cha mbele kinarudi nyuma hadi mwisho. Kisha nikaenda kukirudisha, ili aone.