Ujira wa Dume la Isko

Consing aliwalisha nguruwe mwitu katika ile bustani ya wanyama mpaka kichwa kikaota mvi, na hakuwahi kumwona hata mmoja akirudi msituni. Kila mwaka linazuka jambo: fedha zimekwisha, wawindaji wametega, mkuu kahamishwa. Inachosha! Safari hii alikuwa na Inday, jike wa nywele ndefu za utosini, na ahadi ya daktari wa wanyama: akizaa, watoto wataachiwa mlimani Kanlaon, ambako aina yao imebaki ya kuhesabika.

Kimbunga kikabomoa uzio. Inday akatoroka, akakutwa kwa Isko, shemeji yake Consing, anakula mihogo kwa raha zake. Isko ndiye mwenye dume la kupandishia nguruwe wa kufugwa kijijini. Hulitembeza kwa kamba nyumba hadi nyumba, na ujira wake ni mtoto mmoja wa nguruwe katika kila uzao, wa kujichagulia mwenyewe.

"Nimemtunza vizuri, shemeji," alisema akimrudisha, huku anacheka peke yake.

"Umemtunzaje?"

"Aa, mambo ya nguruwe hayo. Wewe mjane utayakumbukia wapi?"

Consing aliyakataa maneno yale yasimwingie moyoni. Si dume la bustani nalo lilikuwa limeshampanda Inday, siku ile ile ya kimbunga? Akawa anawasha mishumaa kanisani kila Jumapili. Mfa maji haachi kutapatapa.

Inday alizaa asubuhi. Wa kwanza akatoka na mistari kama ganda la tikiti, alama ya nguruwe mwitu. Wa pili, mistari. Wa tatu, mistari. Consing akapiga ishara ya msalaba, akalia kwa furaha. Wa nne akatoka mweupe pe, rangi ile ile ya dume la Isko.

"Huyo ni chotara," daktari alisema. "Na wenzake hatuwezi kuwaamini, mistari peke yake si ushahidi. Msituni haendi hata mmoja."

Consing alikuwa bado kwenye nyasi za zizini Isko alipoingia.

"Hongera, shemeji! Nimekuja kuchagua wangu. Sikukuu ya mtakatifu wetu hiyooo, na nguruwe wa kuchoma hakosekani mezani!"

"Isko, unajua ulichonifanyia?"

"Nimekusaidia! Jike anataka, dume lipo, ningewaacha watazamane tu?"

"Basi chukua wote!" Consing alipiga kelele. "Wote wanne! Hakuna anayekwenda popote!"

Isko alimtazama kwa mshangao. Kisha akainama, akamfunga yule mweupe uzi mwekundu mguuni.

"Haki yangu ni mmoja, shemeji," alisema kwa upole. "Mimi si mwizi."