Mwite Baba

Katika Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani, baba ni mama. Mzazi wa kiume tunamwita tata, na yule aliyekubeba tumboni akakunyonyesha ndiye baba. Mtoto wa Kisii anayeanza Kiswahili shuleni hujikwaa hapo mapema. Mimi nilijikwaa darasa la pili, mwalimu aliponiuliza baba yangu hufanya kazi gani. Nilisimama nikajibu kwa sauti kubwa kwamba baba hupika, hukamua ng'ombe na huwasuka dada zangu nywele. Mwalimu alikuwa mgeni kutoka mbali, naye alicheka mpaka akatafuta kiti. Nilitaniwa kwa jibu lile mpaka nikamaliza shule, na hata leo nikilikumbuka masikio hupata moto. Nilidhani neno hilo limekwisha kunifanyia ubaya wake wote.

Mimi ni fundi wa matangi ya kupozea maziwa. Nyansiongo na vijiji vyake vina ng'ombe wengi, na tangi la vyama vya wafugaji likikataa kupoza, mimi ndiye napigiwa simu. Nikiweka kiganja kwenye chuma cha tangi naweza kukutajia digrii bila kipimajoto, na mara nyingi sikosei. Kazi yangu yote ni kuzuia kitu kisipate joto. Kisha nikapata watoto wawili ambao kila aliyekuwa karibu nao alihangaika wasipoe.

Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba. Alikuwa amevimba miguu wiki nzima na akawa analalamika kichwa, nami nikamwambia ni kazi nyingi. Nayasema hapa kwa sababu hakuna mwingine aliyeyasikia. Kliniki ya Nyamira walimpima presha, wakatazamana, na kabla sijauliza swali la pili alikuwa ndani ya gari la wagonjwa akipelekwa Kisii. Alipasuliwa siku hiyo hiyo. Msichana alitoka kwanza, kilo moja na kidogo. Mvulana akamfuata, na yeye kilo hakuifikia.

"Ni watoto njiti," daktari aliniambia. Njiti nilizozijua mimi ni za kiberiti. Nilimkasirikia yule daktari siku mbili nzima, na kosa lake lilikuwa kunieleza ukweli kwa neno ninalolielewa.

Chumba walimowekwa, watu wa hospitali hukiita nasari, kana kwamba humo ndani watoto wanaimba alfabeti. Hakuna anayeimba. Kuna mashine zinazolia, kuna mipira ya hewa ya oksijeni, na kuna wazazi wanaotembea kwa vidole kana kwamba wamekuja kuiba. Mvulana wangu alivalishwa kofia iliyokatwa kutoka kwa soksi. Ngozi yake ilikuwa nyembamba kiasi cha kuona mishipa ikipita tumboni. Alikuwa na tabia moja iliyonimaliza nguvu. Alikuwa anasahau kupumua. Kifua kinapanda, kinashuka, kinapanda, halafu basi. Mashine inalia, nesi anakuja taratibu, anamgonga unyayo kwa kidole, naye anakumbuka. Nesi anaondoka. Mimi nabaki hapo, nikivuta pumzi kwa nguvu ili aone jinsi inavyofanywa.

Mke wangu alilazwa wodi ya chini. Presha ilikataa kushuka, na daktari akapiga marufuku asipande ngazi. Watoto wake aliwajua kwa picha za simu yangu tu. Nesi mmoja, mama wa Pwani mwenye mwili na Kiswahili kilichonyooka, alinishauri nimwachie simu hiyo, maana mama akiwatazama wanawe maziwa hutoka vizuri. Basi nikamwachia. Alikuwa akiitegesha kwenye glasi ya maji, anaiangalia huku akikamua, na kila baada ya saa tatu mimi nilipandisha kilichopatikana. Nimewahi kusimama kando nikitazama lita elfu mbili zilizochacha zikimwagwa mtaroni, na nikaenda zangu kula chakula cha mchana. Sasa nilikuwa napanda ngazi na bomba la sindano lenye mililita mbili, nimelishika kwa mikono miwili, nikimwomba kila niliyepishana naye asinisukume.

Ni yule nesi wa Pwani aliyenivua shati. "Baba pacha," aliniambia siku ya nne, "mkeo hawezi kupanda, na mashine peke yake haitoshi. Kifua chako kiko wapi?" Aliniketisha, akamtoa msichana na mipira yake, akamlaza kifuani pangu ngozi kwa ngozi kama kangaruu, akatufunga pamoja kwa leso yake mwenyewe. Niliona aibu, nikaogopa, halafu vyote vikaisha. Msichana alisogeza shavu mara moja, akatulia. Mashine yake haikulia saa nzima. Nilimwuliza nesi, na mvulana je? Akasema bado ni dhaifu mno kuguswa sana, tumpe siku.

Tangu hapo nilikuwa na haja moja tu duniani. Nilitaka yule mdogo aje kifuani pangu. Niliamini, kwa kichwa kigumu cha fundi, kwamba akisikia kifua kingine kikipanda na kushuka chini yake hatasahau tena.

Siku ya saba mama mkwe alifika kutoka Birongo, kikapu mkononi, akaketi kwenye benchi la pekee lililokuwa mlangoni pa nasari. Hapa lazima nieleze chinsoni, heshima yetu yenye aibu ndani yake. Mkwe na mama wa mke wake hawashikani mikono, hawaketi kiti kimoja, hawatazamani usoni wakizungumza. Siku hizi mjini watu wamelegeza, lakini mama mkwe wangu si mtu wa kulegeza kitu. Kuonekana naye nikiwa kifua wazi, mlango ukifunguliwa kwa bahati mbaya, lingekuwa jambo la kusimuliwa Birongo mpaka wajukuu wazeeke. Basi nikamwachia benchi. Nilipokuwa sina kazi ndani nilizunguka nyuma ya jengo, karibu na jenereta, nikasimama huko.

Nesi wa Pwani aliliona hilo akacheka. "Mkwe anakutisha kuliko daktari," alisema.

Siku ya tisa asubuhi akanipa habari niliyoingoja. "Leo kijana naye tutamjaribu. Ngoja madaktari wamalize kuzunguka, nitakuita." Nilikwenda bombani nikaosha kifua kwa sabuni, nikavaa shati la vifungo ili lifunguke haraka. Kisha nikapita mbele ya mama mkwe nimeinamisha kichwa, nikaenda nyuma kwa jenereta.

Mkanda wa jenereta ulikuwa unalia. Fundi wa hospitali alikuwa ameuinamia, na mimi sijaweza kamwe kumwona mtu akikaza mkanda vibaya nikanyamaza. Nikamwomba spana. Tulibishana kidogo, tukacheka kidogo. Nakumbuka nilifurahi. Zilikuwa siku nyingi sijashika kitu kinachokubali kurekebishwa.

Yaliyotokea mlangoni nimeyaunganisha baadaye, kipande kutoka kwa nesi na kipande kutoka kwa mke wangu. Mvulana alisahau kupumua, akagongwa unyayo, akakumbuka. Akasahau tena. Mara ya tatu daktari alifanya kila alilojua, kisha akamtazama nesi. Nesi akaelewa kwamba zimebaki dakika, na kwamba aliniahidi. Alifungua mlango, hakuniona, akamwona bibi mzee kwenye benchi.

"Nyanya, mwite baba," alisema. "Haraka. Mwite baba yake!"

Mama mkwe hana Kiswahili. Anajua cha sokoni, cha nyanya na kitunguu. Lakini katika maneno yote aliyotupiwa, moja alilijua tangu alipozaliwa. Alivua viatu akavitupa sakafuni, akashuka ngazi mbio, mwanamke wa umri wake, akaingia wodini akimwambia bintiye kwamba mtoto anamtaka baba. Yaani mama. Yaani yeye.

Mke wangu aliachia simu, akachomoa dripu, akapanda zile ngazi alizokatazwa, mkono mmoja kwenye mshono na mwingine ukutani. Nesi alipomwona mlangoni hakuuliza swali. Alimkalisha, akamfungua gauni, akamlaza mvulana kifuani pake. Alipumua hapo. Dakika ngapi, sijawahi kuuliza. Mke wangu aliniambia tu kwamba alikuwa na joto, na kwamba alifungua jicho moja.

Nilirudi nikijifuta grisi kwa kitambaa cha kuazima. Benchi lilikuwa tupu, na viatu vya mama mkwe vilikuwa sakafuni, kimoja huku na kimoja kule. Nilijua kabla sijafungua mlango.

Nesi alinipa nimshike. Sikufungua shati. Niliweka kiganja mgongoni pake, kiganja hiki kinachojua digrii, nacho kikaniambia. Mtu wa kazi yangu angepaswa kuizoea baridi ile. Niliwahi kuitafuta kwenye matangi nikaifurahia nilipoipata.

"Nilikuita, baba," nesi alisema, macho yamemjaa. "Nilimtuma bibi akuite." Mama mkwe alisimama kando ameinama, akilia kwa Ekegusii. Nilimtazama, nikamtazama mke wangu na gauni lake wazi, ndipo nikaelewa neno gani limepita wapi.

Ningependa kusema kwamba nilimsamehe palepale. Sikumsamehe. Nilimkasirikia yule mzee kwa hasira iliyonitisha, nikalikasirikia benchi, na chinsoni, na jenereta. Na lililo baya zaidi, nilimwonea wivu mke wangu. Alikuwa hajamgusa mtoto wake hata mara moja, amepasuliwa, amepanda ngazi damu ikimtoka, na mimi nilisimama pale nikihesabu kwamba amechukua zamu yangu. Nilimwambia hivyo, wiki moja baadaye, kwa maneno makali kuliko haya. Alisema tu, "Nami wangeniita lini?"

Kama mama mkwe angejua Kiswahili, mvulana angekufa kifuani pangu, na mama yake angebaki na picha.

Tulimzika nyumbani, karibu na nyumba, watu wachache. Mama mkwe aliwasimulia waliokuja jinsi alivyoitwa akakimbia peku, jinsi mjukuu alivyomngoja mama yake ndipo aende. Waombolezaji walimshukuru. Nilimsikiliza kutoka kwenye mahindi, umbali unaompasa mkwe. Mke wangu alinitazama juu ya vichwa vya watu. Tulielewana hapo kwamba hatutamwambia kamwe, na hatujamwambia.

Msichana alikaa nasari wiki tano zaidi. Alirudi kifuani pangu kila siku, na kila siku nilimpokea nikimfikiria mwingine, jambo ambalo si haki. Alipofika nyumbani niliamka mara nyingi kumwekea kidole chini ya pua. Baadaye niliacha kumbeba sana. Nilisema ni kazi. Kwa kweli nilikuwa nikimshika naona nimeshika nusu.

Alipokuwa na mwaka na miezi miwili, mke wangu alimpeleka Birongo kwa nyanya yake siku chache. Nilikwenda kuwachukua alasiri moja nikitoka kazini, matope mpaka kwenye vifundo vya miguu. Nilisimama langoni, ninaposimama siku zote, nikakohoa ili wajue nimefika. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Msichana alikuwa ameketi sakafuni katikati ya mama yake na nyanya yake, akipiga sufuria kwa mwiko. Aliinua kichwa akaniona.

"Baba," alisema.

Lilikuwa neno lake la kwanza. Mama mkwe alipiga kelele ya furaha, akamgeukia bintiye kwa Ekegusii: "Umesikia? Anakuita!"

Mke wangu alikuwa amenyoosha mikono tayari. Kisha akafuata macho ya mtoto mpaka langoni, na mikono akaishusha. Nilisubiri. Sikujua kwa kweli ni nani ameitwa. Kwa Ekegusii neno ni la mama yake, kwa Kiswahili ni langu, na mtoto hajui mpaka wowote.

"Baba," akasema tena, akiegemea mbele, mwiko umeelekea kwangu.

"Nenda," mke wangu aliniambia. "Safari hii ni wewe."

Kati yangu na mtoto kulikuwa na uwanja, mlango, na jiko la mama mkwe, mahali ambapo mguu wangu haujawahi kukanyaga wala haukustahili. Niliingia na matope yangu. Mama mkwe alijifunika uso kwa leso, akajivuta ukutani kunipisha, nami nikafungua vifungo viwili vya shati nikainama nikamwinua. Alikuwa mzito.