Hatua Mia na Ishirini

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu Yohana, mwaka uleule lami ilipofika kwetu Kabungu, nilitoka Majengo pale mjini Mpanda na gari limejaa, nikafika kijijini kwa dakika ishirini, na abiria wakanipigia makofi. Naanza na hayo makofi kwa sababu sitaki uone kama najifanya sikuyapenda. Niliyapenda sana. Nilishuka, nikazunguka gari polepole kama mtu anayekagua matairi, kumbe nangoja waendelee kupiga.

Sikuwa kijana wa miaka. Nilikuwa na arobaini na moja, na wewe ulikuwa darasa la pili. Lakini lami ilinirudishia ujana, na si mimi peke yangu. Sisi madereva wote wa njia ile tulikuwa kama watu waliofunguliwa kamba.

Nijaribu kueleza kwa haki. Nyie wa siku hizi hamkuijua barabara ya vumbi. Ilikuwa na mawimbi, yale mapindo madogo yanayofuatana kama mgongo wa bati. Ukienda polepole juu yake, gari linatetemeka mpaka bolti zinalegea na abiria wanaumwa meno. Ukikanyaga mafuta ukafika themanini, gari linaelea juu ya ile migongo, linatulia kabisa, unaweza hata kuongea na mwenzako. Nimeendesha hivyo miaka kumi na mitatu. Mwili wangu ulishajifunza kwamba ukitaka utulivu, ongeza mwendo. Basi lami ilipokuja nikaendelea kuongeza. Themanini ikawa kama nimesimama. Mia na kumi ikawa ya kawaida. Mia na arobaini ndiyo nilianza kusikia lile tulizo nililolizoea. Sisemi hivi kujitetea. Nasema kwa sababu na wewe una tulizo lako, sijui umelitoa wapi, na ningependa ulichunguze.

Waliniita Roketi. "Roketi, leo umekula nini?" "Kanyaga baba, nimeacha maharage jikoni!" Kulikuwa na mama mmoja wa Kipimbwe, mfanyabiashara wa mchele, kila akipanda anasema, "Ngojeni kwanza nitoe rozari yangu, huyu ananipeleka kwa Bwana." Gari zima linacheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Sasa nikiwaza, yule mama hakuwa anatania sana.

Sasa nije kwenye majani, maana kosa langu liko kwenye majani.

Zamani majani barabarani yalikuwa na maana moja tu. Ukikuta matawi mabichi yamelazwa njiani, ujue mbele kuna gari limeharibika, limesimama, na mwenye gari anakuomba upunguze mwendo. Hakuna dereva aliyefundishwa hilo darasani, wote tulilijua. Lakini lami ilipofika, watu wetu wakagundua kwamba muhogo ukianikwa juu yake unakauka kwa siku mbili tu, tena safi, hauna mchanga. Hasa ndugu zetu waliotoka Burundi zamani wakawa Watanzania kama sisi, ambao ni wakulima wakubwa wa muhogo kuliko sisi, tuseme ukweli. Ikifika mwezi wa sita, pembeni mwa lami pote ni peupe. Ili magari yasikanyage chakula chao, wakaweka matawi. Majani kila mahali, kilomita kwa kilomita, na mbele hakuna gari lililoharibika, kuna muhogo tu.

Walikosea? Nimejiuliza mara nyingi. Kidogo, labda. Hawana sakafu ya saruji, na jua la kwenye lami ni la bure. Lakini kuna mtu aliyekosea zaidi. Sisi madereva tulikaa kijiweni Majengo tukafundishana: "Majani hayo ni ya muhogo, pita tu." Sijui nani alianza. Naogopa ni mimi.

Siku ya ajali nilikuwa na abiria watano. Aliyekaa mbele, pembeni yangu, alikuwa fundi cherehani, mtu mpole. Tulikuwa tunapanda kile kimlima kabla ya kuingia kijijini, saa nne hivi, jua linawaka vizuri. Nikaona matawi matatu, yamepangwa.

"Majani hayo, Roketi," fundi akasema.

"Muhogo huo."

"Mbona muhogo wenyewe siuoni?"

"Utauona."

Hilo ndilo neno nililolisema, mwanangu. Utauona. Tukafika juu ya kilima, na kule upande wa pili hapakuwa na muhogo. Palikuwa na pawatila, lile trekta dogo la kushika kwa mikono, na tela lake limejaa magunia ya mpunga, tairi moja limepasuka, limesimama katikati ya upande wangu. Nilikanyaga breki. Gari halikusimama, likaanza kuteleza. Nikavuta usukani kulia kulikwepa tela, na kulia palikuwa na mtu anavuka, amebeba jeki aliyokwenda kuazima nyumba ya ng'ambo. Alikuwa Filbert, huyuhuyu unayemjua. Aliitupa ile jeki, akaruka. Mwili wake wote ulipita isipokuwa mguu wa kushoto.

Gari lililala shambani, kwenye mabua. Fundi alivunjika mkono. Wengine walichubuka. Mimi sikupata hata mkwaruzo, na hilo mpaka leo linanisumbua kuliko kama ningeumia.

Mguu wa Filbert walijaribu kuuokoa hospitalini, ikashindikana, wakaukata juu ya goti. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Alikuwa mpanda miti wa kutega mizinga ya nyuki huko Ugalla kila msimu, kazi ya miguu yote miwili.

Nina daftari ninaloandikia mambo ya siku, unalijua, lile mlilokuwa mnalicheka. Siku ile niliandika mistari miwili. "Leo nimepata ajali. Majani yalinidanganya." Nililala na maneno hayo muda mrefu nikiyaona ni ya kweli. Nilimwambia hivyo askari wa usalama barabarani, nikamwambia hivyo mama yako. Leseni nilinyang'anywa, mahakamani nilikwenda, adhabu nilipewa, na hata nilipopewa bado kichwani nilikuwa nasema: yale majani.

Baadaye nilikwenda kuomba msamaha. Nilikwenda na wazee wawili wa upande wetu, kama inavyotakiwa. Kaka mkubwa wa Filbert, Mzee Nestori, ndiye alikuwa mwenye ile pawatila. Alitupokea vizuri, akatupa viti, mke wake akaleta maji ya kunawa. Wazee wangu wakaongea maneno yote ya heshima. Walipomaliza, na mimi nikaongeza langu. Nikasema, "Mzee wangu, nimekosa. Ila na yale majani, mnajua yalivyozagaa siku zile, mtu hajui ya muhogo ni yapi na ya gari ni yapi."

Mzee Nestori akasimama, akachukua fimbo yake, maana goti moja lilikuwa bovu. Akasema, "Twende barabarani."

Tukamfuata, robo saa nzima kwa mwendo wake. Alinisimamisha mahali juu ya lami, kabla ya kilima.

"Hapa ndipo yalipokuwa matawi. Au nasema uongo?"

"Ni hapa, mzee."

"Sasa tembea mpaka lilipokuwa tela. Hesabu kwa sauti, nisikie."

Nilianza kuhesabu. Wazee wangu walibaki pembeni, wameshika kofia zao. Moja, mbili, tatu. Magari mawili yalipita, madereva wakanitambua, wakapiga honi, mmoja akaita "Roketi!" na mimi nikaendelea kuhesabu. Sitini nikiwa nakaribia juu. Themanini nateremka. Kwenye mia sauti ilianza kunikatika, Mzee Nestori akapaza ya kwake kutoka nyuma, "Sisikii!" Nikafika palipokuwa na tela, alama nyeusi za matairi yangu bado zimebaki kwenye lami.

"Mia na ishirini," nikasema.

Akaja taratibu mpaka aliponifikia.

"Mimi ndiye niliyeyaweka yale majani. Nilitembea mwenyewe, na goti hili. Nilisema moyoni, hatua mia zinamtosha mtu mwenye haraka. Nikaongeza ishirini kwa ajili ya mwenye haraka zaidi. Sasa niambie wewe. Ulitaka ngapi?"

Nilitazama zile alama za matairi.

"Niambie tu, nisikosee siku nyingine. Mia mbili? Mia tatu? Nianzie Mpanda?"

Hakuwa anakejeli, Yohana. Ningejua kama ni kejeli. Alikuwa anauliza kweli, kama mtu anayeuliza kipimo cha nguo. Na mimi pale ndipo nilipoona kwamba hakuna hesabu ambayo ningemtajia. Hata kama majani yale yangekuwa na maandishi, hata kama pasingekuwa na muhogo hata mmoja wilaya nzima, kwa mwendo ule nisingesimama. Yule mzee alikuwa ameshanifikiria, mtu asiyenijua, alinipimia nafasi ya kutosha na akanizidishia. Mimi nilikuwa nimeila nafasi yote kabla sijafika kwake.

Nilirudi nyumbani nikafungua daftari, nikakata yale maneno. Juu yake nikaandika, "Majani yalisema kweli." Ukurasa huo upo, unaweza kuuangalia.

Kijiji kilikaa mkutano baada ya hapo. Walikubaliana wenyewe kwamba muhogo uwekewe mawe yaliyopakwa chokaa na matawi yaachwe kwa vilivyoharibika tu. Wameshika neno lao mpaka leo. Sisi madereva ndio sina uhakika kama tulishika letu, maana hatukukaa mkutano wowote.

Nimekaa na habari hii miaka yote bila kukueleza vizuri. Ulijua tu kwamba baba alipata ajali akaacha kazi akaanza kufuga nyuki. Nilikuwa naona aibu. Tena nilijiambia, mtu aliyekata mguu wa mwenzake atamfundisha nani kuendesha? Bado sijui kama ninayo haki hiyo. Lakini wiki iliyopita mambo mawili yalinifika siku moja, nikaona kunyamaza nako ni kosa.

Asubuhi nilikuwa Majengo kuuza asali. Mama mmoja, simjui, akanishika mkono kwa furaha. "Wewe ndiye baba yake Yohana? Kijana wako noma! Jana katufikisha dakika kumi na nane. Wanamwita Roketi Mdogo." Alinisifia, mwanangu, na Mungu anisamehe, kwa muda mfupi sana nilisikia utamu.

Jioni nikapita kwa Filbert. Unajua anapokaa, pale chini ya kilima, kibanda chake cha kuziba pancha. Alichagua mwenyewe kukaa pale, sijawahi kumuuliza sababu. Akanisogezea kigoda.

"Kaka, nimemwona mwanao jana."

"Anaendesha vizuri?"

Alikaza nati kwanza, akaijaribu, akaikaza tena.

"Lori la mbao lilikatika ekseli hapo juu. Niliwaambia waweke majani, wakaweka. Yeye alipita juu yake."

"Hakupunguza?"

"Bahati lori walikuwa wameshalisogeza pembeni. Alinipigia honi, akanipungia mkono. Kijana ana adabu, kaka. Ana adabu sana."

Hakusema zaidi. Na mimi nimeandika haya kwa sababu ya ule mkono uliompungia. Ulimwona Filbert, ukamsalimia vizuri kama nilivyokulea, na majani hukuyaona.

Basi nisikilize, Yohana, na wengine mnaofanya kazi hii mkipenda mnisikilize. Sikukatazi kazi ya gari, ni kazi nzuri na imetulea. Ila mwendo wako usiupime kwa saa, wala kwa makofi, wala kwa jinsi gari linavyotulia, maana gari zuri hutulia hata linapokwenda kuua. Upime kwa yule mtu usiyemjua aliyeko nyuma ya kilima, aliyeharibikiwa, mwenye goti bovu, anayetembea kukuwekea majani. Endesha mwendo ambao hatua zake mia na ishirini zitakutosha. Ukiona tawi, liamini, hata likiwa la bure mara tisini na tisa. Abiria akikwambia kanyaga, cheka naye, ila mguu usicheke. Wakikuita mwoga, wakihamia gari lingine, waache wahame. Fedha ikipungua, nitakula ugali kwa maharage pamoja na wewe bila kulalamika.

Na Jumamosi usiende kazini. Njoo hapa, tutatembea wawili mpaka pale kabla ya kilima. Utahesabu kwa sauti, nami nitakuwa nyuma yako nasikiliza. Filbert amesema atatungoja kwenye mia na ishirini.

Mungu akutangulie, mwanangu. Aweke majani mabichi mbele ya kila lililoharibika katika njia zako, na akupe mwendo wa kuyaona. Akurudishe nyumbani kila jioni na miguu yako, na kila uliyempita njiani naye arudi kwao na yake.