Matone Niliyomwekea Mke Wangu

Kila msimu wa mavuno nazunguka kijiji cha Ziba na miwani ya plastiki nikiwaomba ndugu zangu waivae wanapopepeta mpunga. Wananicheka. Wanasema mwalimu amezeeka vibaya. Nimechoka, lakini nazunguka.

Msimu mmoja mke wangu alikuwa anapepeta huko, nyumbani kwa mama yangu, upepo ukageuka, kapi likamwingia jicho la kulia. Mama, ambaye hakosi jibu la jambo lolote, akachuma majani ili ayakamulie humo. Nikamkatalia. Nimefundisha sayansi Tabora mjini tangu nikiwa na nywele nyeusi, na siku hiyo nilijisikia mwalimu kwelikweli. Nilimhutubia mama yangu mzazi mbele ya majirani kuhusu uchafu na ujinga. Akayatupa majani.

Kisha nikatoa mfukoni chupa yangu ya matone. Nilikuwa nimeandikiwa mimi, kwa macho yanayoniwasha wakati wa vumbi. Nikamdondoshea.

Kesho yake wekundu ulipungua. Nikamwambia mama, "Umeona?" Nikaendelea kumwekea mara tatu kwa siku, kwa bidii zote. Siku ya tano mke wangu akasema, "Mwalimu, mwanga unanichoma, na sioni vizuri." Nikamwambia avumilie, dawa inafanya kazi. Siku ya nane nilimgeuza juani nikaona alama nyeupe juu ya mboni, ndogo kama punje ya chumvi. Hapo ndipo nilipoogopa.

Hospitalini Tabora tulipokelewa na daktari wa macho, binti wa rika la wanafunzi wangu. Alinipa shikamoo, akamtia mke wangu rangi kidogo jichoni, akammulika. Akasema kapi lilikwaruza kioo cha jicho, fangasi wakaingia hapo, sasa ni kidonda. Akauliza tumeweka nini. Nikampa chupa. Aliisoma, akaiweka mezani polepole.

"Mzee, hii inatuliza wekundu tu. Kidonda cha fangasi inakilisha."

Akasema siku ile ya kapi tulitakiwa kuosha kwa maji safi, tusiweke kitu kingine, tuje siku ileile. Nikamuuliza kuhusu majani, nikitafuta pa kujishikiza.

"Nayo yangemdhuru," akasema. "Lakini hamkuyaweka."

Baada ya kulazwa tulirudi nyumbani kwetu Ipuli na dawa za kila saa. Kengele ya simu ikilia, namwekea tone. Nakaa, inalia tena. Mgongo ulichoka, mikono ilichoka, hata kuomba nikachoka. Yeye alilala chali akaniachia jicho lake, kama vile sikuwahi kuliharibu. Hilo ndilo liliniumiza kuliko lawama yoyote.

Kidonda kilipona, kovu likabaki. Kwa jicho lile anaona mwanga, na kivuli cha mtu akipita karibu.

Tukienda Ziba, watu humzunguka nje ya kanisa baada ya ibada wakimuuliza jicho limepatwa na nini. Husema ni kapi la mpunga, basi. Mama husimama ubavuni kwake, anajua kila kitu, naye hatii neno. Kisha wananigeukia mimi, maana mimi ndiye mwalimu, niwathibitishie. Nami nawaambia ndiyo, ni kapi.