Nilivyofuta chapter nzima ya thesis kwa sababu ya utani wa Wagogo

Wakuu, kwema humu? Leo nawaletea ya kwangu mwenyewe, chumvi sijatia. Aliyekuwepo Dodoma miaka ile ya tisini mwishoni anisahihishe nikikosea.

Nilikuwa nasoma Masters ya elimu, thesis yangu inahusu kompyuta na jamii.

Nchi ndiyo imefungua milango, mitumba inaingia, redio za binafsi zinaingia, na shule moja kule Chamwino ikapata kompyuta ya msaada. Umeme hawana. Nikasema hapa hapa.

Ruhusa ya kazini ilikuwa inaisha. Nisipowasilisha kwa wakati narudi kushika chaki mikono mitupu, na ukoo mzima Tabora ulishaanza kuniita daktari. Masters na udaktari wapi na wapi, lakini nani awakatalie?

Mwalimu Chisunga, mtunzaji wa ile kompyuta, alinijibu kila swali bila kutabasamu. Kwamba maharusi wanapiga nayo picha. Kwamba mwanafunzi mtoro akisimamishwa mbele ya screen anakiri mwenyewe.

Nikaandika yote. Chapter four ikanona.

Supervisor wangu alikuwa mama mmoja msomi hasa, mkali, Mgogo wa Mpwapwa. Akasoma, akavua miwani.

"Wewe kabila gani?"

"Mnyamwezi, mama."

"Na kule ulijitambulisha hivyo?"

"Ndiyo."

"Basi wamekutania. Futa."

Mnajua wenyewe, Mgogo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikaifuta chapter yote kwenye floppy, na nakala nyingine sina.

Nikarudi Chamwino nimevimba. Nikamwambia Chisunga, mtani, umenitia hasara, safari hii nataka ukweli.

Hakubishana. Akatoa albamu. Bibi harusi, bwana harusi, katikati kompyuta imevishwa maua ya plastiki. Nikafunua ukurasa wa pili: maharusi wengine, kompyuta ileile.

Sijafumba mdomo, mama mmoja akaingia anamburuta mumewe. Kumbe huduma ilishatoka kwa watoro ikafika kwenye ndoa! Yule baba kuiona screen tu:

"Mtama niliuza mimi! Nimenywea wote!"

Na kompyuta imezima, wakuu. Ingewakaje?

Nikaazima picha mbili, mbio kwa supervisor. Yule mama ambaye meno yake sikuwahi kuyaona alicheka mpaka akashika meza.

"Mtani, ulifuta kweli? Chisunga hajakutania. Niliyekutania ni mimi."

Nilitaka kulia. Na kumkasirikia mtani ni mwiko.

Akavuta droo, akatoa ile nakala niliyompa asome, nami nilidhani alishaitupa. Nikanyoosha mkono. Akairudisha, akafunga kwa ufunguo.

"Jogoo kwanza, ndiyo uikomboe."

Mama yangu alituma jogoo kutoka Tabora kwa treni, akiamini ni zawadi ya shukrani. Masters niliipata. Jogoo tulimla nyumbani kwa supervisor, mimi nikapewa shingo.

Funzo: jibu likikuchekesha usikimbilie kulifuta, rudi ukaangalie. Na kabla hujaanza utafiti, muulize supervisor wako kabila lake.

Haya, wasomi wa humu, hebu semeni na nyie: thesis zenu mlizikomboa kwa kitu gani?