Miwani Isiyo na Jina

Mama yake Nhàn alimjia ndotoni kwa mara ya tatu, akipapasa ukuta. "Nhàn, miwani yangu mmeiweka wapi?"

Walikuwa wamemzika bila miwani. Nhàn alikuwa akitengeneza vitu vya karatasi vya kuchomewa wafu, ili viwafikie huko waliko, tangu utotoni: nyumba, farasi, viatu. Miwani hakuna aliyewahi kuitengeneza kijijini kwao. Alikata jozi moja kwa mkono, siku nne nzima, maana macho yake mwenyewe yalikuwa yameanza kufifia, akampelekea kaka yake Thuần, mwenye mashine ya kukatia.

"Kisu cha mashine cha kukatia umbo hili ni bei ya nyati wa kulimia, dada. Nichonge kwa ajili ya ndoto? Itundike dukani kwako kwanza. Wakijiandikisha watu thelathini, nachonga."

"Na mama?"

"Mama asubiri. Ukiichoma hiyo, watu utawaonyesha nini?"

Akaitundika mlangoni, na daftari chini yake. Mwezi wa saba, mwezi wa wafu, ulikuwa unakaribia. Wateja walinunua viatu, miwani wakaicheka.

"Kwani huko wanasoma magazeti?" alidakia Bi Cúc, jirani muuza tofu. "Marehemu mume wangu alipokuwa hai hakuona hata vyombo vichafu. Leo ndiyo avae miwani?"

Wiki mbili, majina matatu. Na kila Nhàn alipofumba macho, mama alipapasa.

Alfajiri moja uvumilivu ukamwisha. Aliishusha miwani, akaichoma uani kwenye ndoo ya bati, huku analia. Majivu yalikuwa yameshapoa ndipo alipokumbuka: hakuandika jina. Yeye, aliyewagombeza wateja miaka arobaini kwamba kitu kisicho na jina hunyakuliwa na wafu wasio na wa kuwakumbuka!

Kesho yake Bi Cúc alikuja mapema. Hakuwa na utani.

"Dada Nhàn, mume wangu kanijia. Kavaa miwani ya karatasi. Anasema kuna moja tu huko, wanaipokezana, wanapigana. Kila mtu anataka aone nyumbani kwao walau mara moja." Alilishika daftari. "Niandikie ya kwake. Jina liwe kubwa, tafadhali."

Nyuma yake alisimama mtu mwingine, na mwingine, nyuso zimewasawijika; nao walikuwa wameota wafu wao. Kabla ya chakula cha mchana daftari lilikuwa na majina arobaini na moja.

"Soko lipo, dada!" Thuần alipiga kofi mezani. "Kesho naanza kuchonga!"

Nhàn alipitisha kidole kwenye majina yale, moja moja. La mama halikuwamo. Akaliandika chini kabisa, la arobaini na mbili, kisha akajilaza kidogo, kama kawaida ya mchana.

Mama akaja. Safari hii hakuuliza miwani, wala hakumwita jina. Alimpapasa Nhàn usoni, polepole, paji, pua, kidevu, kisha akauliza kwa adabu, kama anavyoulizwa mgeni:

"Samahani, wewe ni mtoto wa nani?"