Sarafu Aliyoivaa Bibi

Juzi hapa Kasulu fundi alikuwa akiezua bati la zamani. Aling'oa msumari, na pamoja nao kikadondoka kizibo cha soda kilichobonyea kama kibakuli, kinanuka lami. Harufu ile ilinirudisha Mabamba, alasiri moja nilipokuwa nikichambua maharage na bibi.

Bibi alivaa shingoni sarafu ya zamani yenye tundu katikati. Ilikuwa imebonyea, na tundu limezungukwa na kutu. Niliinusa, nikaamua harufu ile ni ya baruti.

"Bibi, risasi ilikupiga hapa?"

Alicheka hadi maharage yakamwagika kwenye ungo. "Hiyo ni ya kwetu Burundi, mwana wanje. Katika nyumba nzima, nilikimbia na hiyo tu."

Kesho yake darasa zima lilijua kwamba sarafu ya bibi yangu ilizuia risasi.

Nilikigeuza kile kizibo kiganjani. Mbonyeo ni uleule, kutu ni ileile, na harufu ni ileile. Sina shaka tena: sarafu ile, kama kizibo hiki, ilikaa chini ya kichwa cha msumari wa bati, ikizuia mvua isipenye.

Miaka yote ile bibi alitembea na paa lake shingoni.